Donge la Baba Mkwe

Wakati wa vita ya Hitla kila nyumba ya Mbozi na Momba ilitakiwa kupeleka mpira wa porini serikalini, na Osea ndiye aliyekuwa akiupima. Alisoma misheni kidogo, akaosha chupa za dawa zahanati, ndipo mzungu msimamizi akampeleka kwenye chumba kilichoezekwa bati, akampa kisu, jiko la mafuta ya taa na vibakuli vya udongo mweupe. Walikiita maabara.

Kazi ilikuwa hivi. Watu walileta madonge ya utomvu uliogandishwa wa mibungo, mimea ya porini inayotambaa juu ya miti. Osea alilikata donge katikati, akanusa, akavuta kipande kuona kama kinarudi, kisha akakichemsha. Mpira safi ulibaki mgumu. Uliochanganywa na utomvu wa mkuyu uliyeyuka ukawa ulimbo, ukanata kwenye kijiti. Huo ulitupwa kwenye lundo la nyuma, na mwenye nao akarudi porini kuanza upya.

Watu walimchukia. Sokoni wanawake walinyamaza akipita. Naye aliwaelewa, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Mibungo ya karibu ilikuwa imekatwakatwa hadi kufa. Mara kwa mara alimwambia msimamizi, "Bwana, watu wanachanganya kwa sababu mibungo imekwisha." Mara kwa mara alijibiwa, "Kazi yako ni kupima, Osea."

Asubuhi moja, akiwa ameinamia jiko, alisikia kikohozi anachokijua. Mzee Sadoki, baba wa mkewe, alikuwa amesimama kwenye foleni na kikapu kichwani. Alikuwa ametembea kutoka Ndalambo, miguu yote vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta na mimi."

Osea alilikata donge la kwanza. Juu lilikuwa zuri. Ndani lilikuwa jeupe, likikatika kama ugali uliolala. Hakuhitaji kuchemsha, lakini msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, akachemsha. Kijiti kilinata.

"Ni mkuyu, baba," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua ni mkuyu. Nilitembea mpaka mtoni sikuona mbungo hata mmoja. Wewe weka tu."

Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Osea alimtazama msimamizi. Msimamizi akaonyesha kwa kidole lundo la nyuma. Madonge yote ya kikapu kile yakaenda huko. Mzee Sadoki alikiokota kikapu chake kitupu, akakikung'uta, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani habari zilishamtangulia. Enesi, mkewe, hakumtengea maji ya kunawa.

"Baba Ruti, ulimkatia baba yangu donge mbele za watu?"

"Ningefanyaje? Bwana alikuwa pale pale."

"Ungelia. Ungeangusha kisu. Ungefanya lolote." Akambeba mtoto wao Ruti mgongoni, akaenda kwa dada yake huko Ibaba.

Kabla mvua hazijaanza, amri mpya ilifika. Mpira ulikuwa haba mno huko vitani, kwa hiyo kila kitu kipokelewe, safi kwa kichafu. Kitasafishwa mbele ya safari. Msimamizi aliwaita vibarua, wakalizoa lundo la nyuma kwa makoleo na kulitia magunia yale yale ya mpira safi. Osea alisimama na kisu mkononi, hana la kukata. Aliyaona madonge ya Sadoki yakiingia guniani, yamejaa majani na mavi ya kuku.

"Sasa mimi nilikuwa napima nini, Bwana?"

Msimamizi akaendelea kuhesabu magunia.

Kesho yake hakwenda kazini. Alishika njia ya Ndalambo. Alitaka kumwambia mkwewe, uso kwa uso, kwamba mpira wake umepokelewa. Alikuta uwanja haujafagiliwa. Mama mkwe alikuwa ndani, na kwa heshima ya ukwe hawakuweza kuonana wala kusemezana. Ikabidi jirani, Teresia, asimame mlangoni apeleke maneno huku na huku.

"Anasema mzee amevuka mpaka, yuko kwa ndugu zake ng'ambo. Karani wa jumbe alimjia, akasema kikapu kilichokataliwa si kikapu, alete kingine. Hakuwa na pa kukitoa."

"Mwambie mpira umepokelewa. Wote umepokelewa."

Teresia aliingia, akakawia, akatoka.

"Anauliza, umepokelewa na nani?"

 Osea akachukua jembe lililoegemea ukutani, akaingia shambani kwa Sadoki na kuanza kulima. Majirani walipita, wakamtazama, hawakumsalimia. Alilima kwa hasira, akipasua madongoa hata yasiyohitaji kupasuliwa.

Maabara hakurudi tena. Enesi alirejea baada ya mavuno. Mzee Sadoki alirudi vita ilipokwisha, akala kwa Osea kama zamani, akamchezesha Ruti, akasifu kahawa ya pale nyumbani. Habari ya mpira hakuitaja hata mara moja, na Osea, kila alipotaka kuianza, alikuta mzee ameshageukia jambo jingine.