Muhogo mu Bukari ya Baba

Juzi ku soko ya Kampemba, muuzishaji aliniuliza: "Mama, nikuchanganyie bunga?" Muhindi na muhogo, njo alikuwa anasema. Nikabakia nacheka mi peke na kikapu yangu. Nakuambia, mupenzi, zamani kwetu ile neno ingevunja nyumba.

Baba alikuwa mutu wa kampani. Kila mwezi poso ilikuwa inakuya: samaki, mafuta, na mufuko ya bunga ya muhindi, mweupe kama chokaa. Kwake yeye, muhogo haikuwa chakula ya mufanyakazi. Kiisha inchi ikaharibika, poso ikakatika, mushahara nayo. Tukaenda kulima inje ya muji pamoja na Kambo, mama yake Baba.

Mvula nayo ilikuwa imebadilika. Inanyesha, tunapanda, inapotea. Muhindi inakauka mbele ya kufika mu magoti. Baba anapanda tena, muhindi tu. Kambo alikuwa anachomeka miti ya muhogo kati-kati ya mistari, bila kubishana. "Hii inaweza kungojea mvula," anatuambia. "Baba yenu hawezi."

Muhindi ilipokosa kabisa, Kambo na Mama bakaanza kuchanganya mu bukari, ugali yetu ya kila siku: kiganja moja ya bunga ya muhogo, kiisha mbili. Mi njo nilikuwa natwanga. Mpaka leo nasikia ile harufu kali ya muhogo yenye ililowekwa. Tulikatazwa kusema. Baba alikuwa amekonda sana, tuliogopa atasukuma sahani, abakie na njaa juu ya heshima.

"Leo bukari inanata," anasema, anatafuna.

"Njo muiko mupya," Kambo anajibu, hata hacheki.

Mangaribi moja, mbele ya bukari na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, Baba akafunga macho kusali: "Mungu, asante juu ya bukari. Asante juu ya sombe." Akakamata sahani yake na mikono mbili. "Na asante juu ya ile muhogo banafikiri sijui."

Tukafungua macho bote mbele ya amina. Mama akajifunika na kitenge, hatukujua kama analia ao anacheka. Kambo peke njo aliitika, kwa nguvu: "Amina!"

Kesho yake Baba alifunga miti ya muhogo nyuma ya kinga, baiskeli yake, akapiga pedali mpaka mbele ya benzake ba kazi.

"Eh, chef! Njo mushahara hiyo?" moja akamuita.

"Njo yenyewe! Kuya ukamate yako!"

Bakacheka. Kiisha bakakamata.

Leo ile shamba iko manyumba tu. Kambo na Baba, Bwana aliwachukua. Batoto yangu banasali mbio-mbio, "asante juu ya chakula", basi, mikono iko mu sahani. Siwakaripii. Habakumuona mutu akitafuta nguvu ya kutaja chakula kwa jina yake.