Kitenge cha Kufunga Neno

Mtalaka wangu alipohamia Lille, Ufaransa, nusu saa tu kwa treni kutoka Brussels, alinitumia kitenge. Kilifika kwangu, mtaa wa Koekelberg, mikononi mwa tonton wawili, wadogo wa marehemu baba yangu, watu ambao tangu utotoni sikuwahi kuwajibu.

"Bon, muntu amehama," alisema mkubwa wao. "Juge wa hapa hana mukono mu France. Donc pension imekwisha. Pokea, tumalize muzuri mu famille."

Juge huyo, yaani hakimu, alikuwa ameamuru mtalaka wangu anilipe pension hiyo kila mwezi hadi nimalize masomo ya uuguzi, kwa kuwa ndoa nzima mimi nilipika na yeye akasoma. Lakini kwetu Katanga, ukipokea kitenge mbele ya wazee, neno limefungwa. Kulifungua tena ni kuwavua wazee nguo. Nikapiga goti, nikapokea. Nikaacha shule. Miaka miwili nilipiga deki ofisi za karibu na Porte de Namur, na kitenge chenyewe nikakishonesha gauni, mpumbavu mimi.

Katika ofisi hizo kulikuwa na mwanasheria, avocat kama tunavyowaita, mama mmoja wa makamo aliyewahi kazini kuliko wenzake. Asubuhi moja aliniuliza kwa nini niliacha shule. Nikamsimulia yote. Akaweka kikombe chake mezani, akaniambia taratibu kwamba hukumu ya Brussels inamfuata mtu hadi Ufaransa, na kwamba hakuna wa kuifuta ila hakimu. Nilikaa pale pale sakafuni, kwenye maji yangu ya sabuni.

Nilimpigia simu tonton mkubwa.

"Lakini ulipokea," akasema.

"Tonton, mimi nilipokea. Juge hakupokea."

Akakata simu. Mpaka leo hajaja kwangu.

Barua ya mwanasheria ilikwenda Lille, malipo yakaanza tena, nami nikarudi shuleni nikiwa na magoti ya bibi kizee. Ndipo mtalaka wangu akapiga simu. Nilidhani atakuwa ameduwaa kama nilivyoduwaa mimi, maana sote tulilelewa kwa mila ile ile. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Nilijua," akasema. "Niliuliza avocat mbele ya kuhama. Aliniambia nitalipa tu, hata niende wapi. Alors, njo maana nilituma kitenge."