Mlango wa Redioni

Juzi binti yangu aliisimamisha filamu kwenye simu, akaenda kula, akarudi akaikuta pale pale alipoiachia. Nikakumbuka mchana mmoja kijijini kwetu Lingeka.

Mwalimu wa fasihi ya Kiingereza alituagiza tusikilize mchezo wa redio. Alisema atakayeshindwa kueleza mwisho wake ataondolewa kwenye somo. Nilikaa juu ya lundo la pamba lililonukia jua, sikio limegusa redio ya baba. Msichana alikuwa anagonga mlango, mvua inamnyeshea, analia afunguliwe. Sauti ikafifia, ikakatika. Betri zimeisha.

Nilizianika juani kwenye jiwe la moto ili zipate nguvu tena, kama tulivyofanya siku zote, nikangoja bila wasiwasi. Kitabu hukungoja pale ulipokunja ukurasa. Nilidhani na redio ni hivyo. Nilipozirudisha, nikakuta tangazo la sabuni. Nilizungusha kitufe mpaka vidole vikauma, nikipiga kelele, "Rudi! Rudi!"

Mayu, mama yangu, akaja mbio kutoka shambani akidhani nimeumwa na nyoka. Nilimweleza huku nalia.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Mtu anagonga na mvua inanyesha, nani asiyefungua? Wameshamfungulia huyo."

Nilimwamini kabisa. Jumatatu nikasimama mbele ya darasa, nikasema mlango ulifunguliwa na msichana akapewa uji wa moto.

Darasa zima, lililousikia mwisho halisi, likaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, akangoja nitoke.