Lori Alilolipaka Rangi Babu

Usiku ule nililala katika chumba cha marehemu Babu, kule Iringa, siku mbili baada ya kumaliza arobaini yake. Bibi ndiye aliyenitandikia. Akanifunika mablanketi mawili kwa sababu ya baridi, akasema, “Lala, mwanangu,” akavuta mlango. Juu ya kabati, karibu na kofia ya Babu, lilikuwepo lori lake dogo la chuma na tela lake. Niliona aibu kulitazama. Nikageukia ukutani, usingizi ukanichukua.

Nikajiona niko kazini, Arusha, mchana kweupe. Kazi yangu ni kukadiria thamani ya vitu vya zamani: saa, redio, kamera, na magari madogo ya chuma ambayo watu wazima huyatafuta na kuyahifadhi kwenye kabati za vioo. Nimekaa mezani na lenzi yangu. Mlango unafunguka, Babu anaingia, amevaa koti lake la kaki la udereva. Najua kwamba amekufa. Nilikuwa nimetupa mchanga wangu kaburini mwake. Lakini sishtuki, nainuka tu kama ninavyoinuka siku zote.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mchumba wangu.”

Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto. Anafungua gazeti alilolishika kwapani, anatoa lile lori, analiweka mbele yangu.

“Nipimie.”

Nikalipima. Nililigeuza tumbo juu nikaona muhuri wa kiwanda, safi kabisa. Nikazungusha tairi moja moja, zote za mpira, zote za asili. Nikachomoa tela na kulirudisha, na ndoano ikashika vizuri. Kisha nikafika kwenye rangi, nikaiweka lenzi chini, kwa maana kazi hii nilikwisha kuifanya.

Miezi mitatu kabla hajafa, Babu alimwomba jirani ampigie picha lori lile, akanitumia. Nilimpigia simu jioni moja nikiwa na haraka ya kufunga ofisi. Nikamwambia kwamba ameliharibu. Gari la aina ile, kiwanda kililipaka nyekundu, naye amelipaka buluu kwa brashi, tena na mstari wa njano uliopinda. Nikamwambia hakuna mkusanyaji atakayeligusa.

Akauliza, “Na kama nataka kumpa mtu?”

“Mpe mtoto wa jirani achezee,” nikasema, nikacheka.

“Haya, mchumba,” akasema. Hatukuongea tena hadi nilipopigiwa simu ya msiba.

Sasa amesimama mbele yangu, anangoja. Nataka kusema maneno mengine. Nataka kumwambia ni zuri, kazi ya mkono wake ni nzuri. Nafungua kinywa, yanatoka yale yale: “Umeliharibu, Babu.” Najaribu tena, yanatoka yale yale. Babu anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesomewa barua.

Ile meza ikarefuka, ikawa barabara. Tumo ndani ya lori kubwa la buluu, tunateremka mlima Kitonga. Babu ni kijana, ameshika usukani. Kati yetu amekaa Mzee Sanga, dereva mwenzake, niliyemjua kwa picha moja tu iliyokuwa sebuleni. Habari yake nilikuwa nayo. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa nayo, na hakuna aliyeizungumza: jinsi tela lilivyowasukuma mlimani, jinsi lori lilivyoanguka, jinsi Mzee Sanga alivyokatwa mguu, na jinsi Babu hakuwahi kwenda kumwona.

“Tusimame tuangalie breki za tela,” Mzee Sanga anasema.

“Tutaziangalia huko chini,” Babu anajibu.

Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Nasikia tela likianza kutusukuma mgongoni. Halafu kimya.

Tuko jikoni kwa Bibi. Babu amezeeka tena, amefunga miwani kwa uzi, anapaka mstari wa njano. Kila mstari unapopinda anaufuta kwa kitambaa, anaanza upya.

“Babu, hili ni la nani?”

“La Sanga. Lori letu lile lilikuwa na rangi hii.”

“Mbona siku ile hukuniambia?”

“Uliniuliza?”

Babu anaosha brashi, anaikausha kwenye suruali yake.

“Miaka yote ile,” anasema, “nilikosa cha kushika mkononi nikabishe hodi.”

Ananikabidhi lori. Ni zito ajabu, mikono inaniuma.

“Nenda wewe. Mwambie alisema tusimame, nikakataa. Usiongeze neno lako.”

Nikaamka, shavu limelowa. Kulikuwa kunapambazuka. Bibi alikuwa jikoni anawasha mkaa. Nikakaa kwenye kigoda kando yake, nikamsimulia ndoto yote, na habari ya simu ile, hata kile kicheko changu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kupepea mkaa muda mrefu, mpaka ukashika wote.

“Alikuwa amekata tiketi ya Makambako, anakokaa Sanga,” akasema. “Shati nilikwisha kulipiga pasi. Wewe ulipiga simu jioni, yeye alikuwa asafiri kesho yake. Asubuhi akaniambia mgongo unamuuma. Nikajua si mgongo, lakini sikujua ni nini. Basi likaondoka.”

“Bibi, nisamehe.”

“Mimi hukunikosea, mwanangu. Na yeye hayupo wa kukujibu.”

Nikalia pale pale, kichwa magotini. Aliniacha nilie. Hakunishika, hakuninyamazisha. Chai ilipochemka akanimiminia kikombe, akakiweka sakafuni karibu na mguu wangu.

“Mzee Sanga yu hai bado?” nikauliza.

“Yu hai. Mkewe alikuja msibani. Yeye hakuja. Alisema hawezi kumzika mtu ambaye hakuja kumpa pole.” Akainuka, akajifunga khanga vizuri. “Kunywa chai ukaoge. Basi la kwanza halingoji mtu.”