Ufagio wa Doña Orfilia

Jumatatu tarehe 4 Aprili 2011, saa tatu na nusu asubuhi, tulihudhuria watu kumi na wanne katika uwanja wa klabu ya matufe ya Paso Larrea: wanawake wanane na wanaume sita, wote tukiwa tumevuka miaka sitini na mitano. Mwalimu wetu Yanina, binti aliyetumwa na manispaa kutunyoosha viungo, hakuhesabiwa, kwa kuwa alikuwa na miaka ishirini na sita na viungo vyake vilikuwa vimekwisha kunyooka.

Doña Orfilia Techera alitangulia kufika, kama ilivyokuwa desturi yake, akiwa na ufagio begani. Majira ya kupukutika yalikuwa yameanza. Miti iliyouzunguka uwanja ilimwaga majani bila kupumzika, na jani moja tu likilala njiani latosha kulipotosha tufe. Orfilia alikuwa amepika katika shule ya msingi kwa muda mrefu kiasi kwamba nusu ya mji ilimwita Doña Supu, wakiwamo meneja wa benki na padri. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na hakumwachia mtu mwingine kufagia.

Nyuma yake, kwa hatua fupifupi, alikuja mumewe, Don Aparicio. Huyu alikuwa fundi wa njia ya reli katika siku ambazo treni zilikuwa bado zikisimama kwetu. Aliweza kupiga goti, akafumba jicho moja, akakwambia reli imeinama wapi. Uwanja wetu aliusawazisha yeye, akaushindilia vumbi la matofali, akauachia mwinamo mdogo kuelekea upande wa baa ya klabu ili maji ya mvua yasituame. Sasa alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mkono wake wa kulia ulicheza wenyewe, na miguu ilimgandia mlangoni kana kwamba kizingiti kilikuwa ukuta.

Mwana wao wa pekee, Heber, aliishi mbali, Montevideo, mji mkuu. Sikukuu za mwaka mpya alimwambia mama yake waziwazi, nasi majirani tukasikia: "Mama, maadamu baba anafika uwanjani kwa miguu yake, sitasema neno. Siku atakaposhindwa, nitakuja na gari. Ipo nyumba ya wazee karibu nami. Wewe huwezi kumwinua."

Hilo lilikuwa kweli. Orfilia alikuwa mwepesi kuliko koti la mumewe.

Kwa hiyo mazoezi yale, ambayo kwetu sisi wengine yalikuwa njia ya kuota jua na kusikia habari za mji, kwake yalikuwa ndiyo paa la nyumba.

"Inueni mikono kama mnachuma machungwa," Yanina alituagiza, nasi tumekaa vitini.

"Machungwa ya nani?" aliuliza Don Nepomuceno Silvera, aliyekuwa muuza nyama. "Mwenyewe akitokea, nitakimbiaje?"

"Ukikimbia wewe, Nepo, hata ng'ombe uliowachinja watafufuka waje kutazama," alijibu Orfilia.

Don Aparicio aliinua mikono ikaishia mabegani. "Nyinyi chumeni machungwa," alisema. "Mimi nimefika kwenye nyanya."

Tulicheka sana, naye akacheka. Mke wake alicheka pia, lakini alikuwa akiitazama miguu ya mumewe.

Siku za Ijumaa, baada ya viungo kupata joto, tulicheza matufe, wawili kwa wawili. Hurushwa kwanza gololi ndogo, kisha kila mmoja hulitembeza tufe lake zito la mti, na lililo karibu zaidi na gololi ndilo lenye pointi. Jani likianguka katikati ya mchezo, mfagiaji hupaza sauti, "Jani!" Pande zote mbili zikiitikia, huingia na kulifagia. Ni yeye peke yake anayeruhusiwa kukanyaga uwanja wakati huo. Mfagiaji alikuwa Orfilia, na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na aliyemchunga.

Mwezi Mei baridi ilizidi, na Don Aparicio akaanza kushindwa kila Ijumaa. Tufe lilimponyoka kabla ya wakati wake, likaishia kwenye ubao wa pembeni. Usiku mmoja, kama Orfilia alivyonisimulia baadaye, mumewe alimwambia wakiwa mezani, "Mwenzangu ni Ledesma, naye anapenda kushinda. Ninamrudisha nyuma. Afadhali nipumzike mpaka majira ya joto."

"Mpaka majira ya joto?" mkewe alishtuka.

"Ni mapumziko tu, Orfilia."

Orfilia hakulala. Alijua kwamba mtu wa hali ile akikaa miezi sita hasimami tena.

Ijumaa iliyofuata Don Aparicio alirusha tufe lake la mwisho. Lilikwenda vizuri kuliko tulivyotazamia, lakini lilisimama mbali kidogo na gololi, na tufe la Nepomuceno lilikuwa karibu zaidi. Upepo ukavuma, majani yakashuka.

"Jani!" aliita Orfilia.

"Fagia, mama, fagia," tuliitikia.

Aliingia, akainama, akafagia. Alipotoka, gololi ilikuwa imeegemea tufe la mumewe kama kifaranga na mama yake. Waliosimama karibu waliona, na Nepomuceno aliona kuliko wote. Alikohoa, akatazama juu ya miti.

"Aa, mzee wa reli!" alipaza sauti. "Umetuchinja bila kisu!"

Tukapiga makofi. Ledesma alimkumbatia. Don Aparicio alikwenda polepole hadi penye matufe, akasimama. Hakuyatazama. Aliitazama ardhi, kwa jicho moja, kama alivyokuwa akiitazama reli. Vumbi la matofali lilikuwa na unyevu wa asubuhi, na juu yake ulionekana mfuo mwembamba wa gololi, unaopanda. Uwanja huo aliuinamisha yeye mwenyewe. Alijua gololi haipandi bila kusukumwa.

Tuliketi kunywa yerba, chai yetu chungu ya majani inayonyonywa kwa mrija. Kibuyu ni kimoja, na mwenye birika hukijaza na kukizungusha kwa zamu. Siku hiyo mwenye birika alikuwa Orfilia. Mumewe alipokea, akanyonya mpaka mwisho, akamrudishia na kumtazama usoni.

"Asante," alisema.

Kwetu, anayerudisha kibuyu kimyakimya anangoja zamu yake tena. Anayeshukuru amejitoa, na haulizwi sababu. Kumbembeleza ni utovu wa adabu. Orfilia alikishika kibuyu kile. Akakijaza na kumpa aliyefuata. Nasi sote tukanywa, zamu baada ya zamu, tukimruka mtu aliyekuwa ameketi katikati yetu.

Hakurudi uwanjani.

Yanina alimfuata nyumbani. Daktari wa kituo cha afya alimwambia miguu isiyotumika husahau kazi yake. Siku ya mvua Nepomuceno alikwenda na sahani ya mikate ya kukaanga.

"Njoo bwana, hata kututukana tu," alimwambia. "Ledesma anacheza na Filisberta sasa, na Filisberta anarusha tufe kama anamtupia paka kiatu."

"Nimekwisha kushukuru, Nepo."

"Ndiyo, lakini..."

"Nimekwisha kushukuru."

Nepomuceno alirudi na sahani yake. Kesho yake alileta pendekezo kwamba Don Aparicio aje afungwe kwa haki, vibaya kabisa, mbele ya watu. Tulikubali kuwa wazo lilikuwa zuri, ila hakupatikana wa kulipeleka.

Mwishowe Orfilia alipiga moyo konde. "Nilisogeza mimi," alimwambia mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani.

"Najua. Niliuona mfuo."

"Basi nikasirikie mimi. Uwanja umekukosea nini?"

"Sikukasirika. Miaka yote hiyo ulinipikia chakula kibaya ukaniambia ni kibaya. Nilipoona sasa unanidanganya, nikajua umeshanihesabu kuwa nimekwisha."

"Sijakuhesabu hivyo. Nilitaka uendelee kutembea. Nifanye nini, Aparicio? Niambie wewe, nifanye nini?"

Jumamosi iliyofuata, Heber alipopiga simu kusema anakuja na gari, Don Aparicio aliomba koti lake la kwendea uwanjani.

Walitoka Jumapili asubuhi, mume, mke na mwana nyuma yao. Nilikuwa mlangoni pangu. Don Aparicio aliupita mlango wangu, akanisalimu kwa kofia. Alifika kwenye kona ya duka la mikate, na kutoka hapo mtu huiona miti ya uwanja. Hapo miguu ikaganda. Orfilia alimhesabia kwa sauti, "Moja, mbili," kama alivyofundisha Yanina. Alimwekea mpini wa ufagio mbele ya kiatu, auruke. Kiatu kilitetemeka, hakikuinuka. Mzee aliushika ukuta.

"Uwanja ni ule pale, baba," alisema Heber, naye analia.

"Nauona," alisema. "Macho hayana tatizo."

Heber alikwenda kuleta gari. Nyumba ile ya wazee ilikuwa na kitanda kimoja tu kitupu, na chumba cha pili cha Heber kilikuwa na watoto watatu, kwa hiyo Orfilia hakuwa na pa kulala huko. Orfilia alimfunga mumewe skafu, akaufunga mlango wa gari, akabaki barabarani. Jumatatu alikuja na ufagio. Hakuna aliyemwomba wala aliyemkataza.

Ijumaa tarehe 17 Juni tulifunga mazoezi kwa sababu ya baridi. Don Aparicio alikuwa Montevideo. Filisberta alikuwa amelazwa kwa kifua. Tulibaki kumi na wawili: wanawake saba na wanaume watano. Kumi na mmoja walicheza, mmoja alifagia.