Sinema Moja ya Shangazi Tatu

Enzi zetu, na ninyi wenzangu mliocheza rede kwa mpira wa matambara ni mashahidi, mtu hakuwa mchekeshaji kwa sababu amenunua simu. Ilibidi achekeshe. Najua yalikuwa masharti magumu, na wajukuu zangu wakiyasikia hunionea huruma.

Kwetu Bagamoyo mchekeshaji alikuwa Shangazi Tatu, dada yake baba, aliyerudi nyumbani baada ya talaka yake ya pili. Jukwaa lake lilikuwa uani kwenye harusi, wanawake peke yao, mlango umekomewa. Alivaa kanzu ya kuazima, akajichora masharubu ya masizi, na mara humwoni tena shangazi. Unamwona muuza samaki anayeapa kwamba changu wa juzi amevuliwa leo, au mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akisinzia na bakora mkononi. Wanawake walicheka hadi kanga zikawadondoka. Watu wa Kaole walikuwa wakituma mtu mapema kumwalika, maana harusi bila yeye ilionekana kama haijatimia.

Kati ya wote aliowaiga, alimpatia zaidi baba yangu. Baba alikuwa karani wa boma, na alikuwa na ada yake. Chakula kikiletwa, kiwe pweza wa nazi au bada kwa kisamvu, hufunua kawa, hunusa, hukohoa, hutikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeletewa taka, kisha hula chote na kuifuta sahani kwa kidole. Sisi watoto tuliotumaini kubakiziwa tulijifunza subira mapema sana. Shangazi aliifanya ada hiyo uani hatua kwa hatua, na aliyecheka hadi kulia alikuwa mama. Baba hakuwahi kuiona. Alichojua ni kwamba dada yake anacheza upuuzi, na kila mara alimkemea, "Tatu, utatuvunjia heshima!"

Shangazi aliendelea na harusi zake. Ila siku moja alipokuwa akinisuka, nina miaka minane, aliniambia, "Hawa wanacheka kwa sababu wananipenda, Zuhura. Natamani nimchekeshe mtu asiyenijua. Hapo ndipo nitakapojua kama kweli naweza."

Basi ikaja amri. Bwana mkubwa wa boma, Mwingereza, alitaka mwanamke wa kuigiza katika sinema ya serikali ya kutufundisha usafi, kwa kuwa inaonekana kabla yao tulikuwa hatujui maji. Alihitajika mke mchafu, na apatikane kesho yake. Wanaume wote wa mtaa waligundua ghafla kwamba wake zao wanaumwa. Baba, aliyekuwa akingojea kupandishwa cheo, aligundua siku hiyohiyo kwamba maigizo ni maendeleo. "Dada yangu," alisema kwa sauti ya asali ambayo hatukuwahi kuisikia, "serikali inakuhitaji."

Walimpiga picha asubuhi moja tu, nyuma ya soko la samaki, ambako nzi walipatikana bila kutafutwa. Sisi watoto tulifukuzwa, kwa hiyo hakuna aliyejua amefanya nini. Baba alipandishwa cheo. Shangazi alipewa mche mmoja wa sabuni.

Miezi ikapita, gari la sinema likaja, shuka jeupe likatundikwa uwanjani. Shangazi alioga, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya. Baba akamzuia mlangoni. Mwanamke wa heshima, alisema, hakai mbele za wanaume kujitazama. Kwamba wanaume haohao watamtazama yeye bila yeye kuwapo, hilo halikuwa na neno.  Shangazi alinishika bega akasema, "Nenda wewe. Uangalie kama wanacheka." Uchungu wa siku ile ninao mpaka leo.

Picha haikuwa na sauti. Bwana mmoja alisimama kando ya gari na kipaza sauti, akitueleza tunachokiona tusije tukakosea. Akatokea shangazi, nzi wamemzunguka. Akafunua kawa. Akanusa. Akakohoa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akala chote, akaifuta sahani kwa kidole.

Mtaa wetu mzima uligeuka kumtazama baba, ukaangua kicheko. Na watu waliotoka mashambani, wasiomjua baba wala shangazi, nao walicheka hadi bwana wa kipaza sauti akaacha kueleza. Aliyewashinda wote kwa kucheka alikuwa baba. Alijipiga mapaja akasema, "Mtazameni mlafi huyu! Jamani, watu wa namna hii wapo kweli!"

Nilikwenda mbio hadi nyumbani. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya mlango, bado na kanga yake mpya.

"Walicheka?"

Sikujua nimweleze vipi, nikamwigizia. Nilimwiga yeye akimwiga baba, kisha nikawaiga waliocheka, hadi mzee mmoja wa shamba aliyevua kofia akajifutia machozi.

"Unamjua mzee huyo?"

"Simjui."

"Naye hanijui?"

"Hakujui, shangazi."

Akakaa chini kizingitini, akalia, huku anacheka. Mara baba akaingia, akaomba chakula, akafunua kawa, akanusa. Tulitoka mbio hadi uani, tumeziba midomo kwa kanga.

Sinema yake ilikuwa hiyo moja. Gari halikuileta tena, na shangazi alifariki bila kujiona hata mara moja.

Siku hizi mjukuu wangu wa Mapinga anajirekodi akijikwaa kwenye ndoo, halafu anajitazama mara ishirini kabla ya chai. "Bibi, watu elfu wamecheka!" ananiambia, na kunionyesha vichwa vya manjano vinavyocheka kwenye kioo cha simu. Naisogeza simu sikioni, nasikiliza. Kimya. Namsifu, maana ni mtoto wangu. Lakini vicheko vya Shangazi Tatu nilivisikia mwenyewe, kwa masikio haya, nikambebea hadi nyumbani.