Shimo la Mihambo

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti boma la Kisarawe nimevaa tai, nikidhani falme za kale huchunguzwa kwa tai. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami nimetoka chuo kikuu ng'ambo ya Ziwa. Bwana Mkuu wa Mambo ya Kale aliitazama tai yangu, kisha akanikabidhi ndoo na mswaki. Vigae vya vyungu vilikuwa vinangoja kuoshwa.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu Mihambo, Mnyamwezi wa Tabora, alisoma chuo kilekile na kupata alama za chini kuliko zangu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu halikunisaidia kitu.

Wafalme wa Kilwa tuliwajua kwa tarihi, yaani maandishi ya matukio yaliyonakiliwa kwa Kiarabu. Vigae vilituonyesha nani alikula katika sahani ya Uchina na nani aliridhika na chungu cha kwao. Lakini watu wa huku bara waliofanya biashara na wafalme hao hawakuandika. Nasaba zao, wazazi wa wazazi wa wazazi, waliziweka kichwani, na kichwa cha mtu hakichimbwi kwa sururu.

"Mwakani tunachimba Kilwa," Bwana Mkuu alituambia. "Nafasi ni moja. Atakwenda atakayeleta nasaba inayofika zama za wafalme wale."

Nilijiona nimeshafika. Mtunza nasaba wa ukoo wetu alikuwa mjomba wangu, Mzee Kondo wa Mbwawa.

Tulikwenda kwake kwa baiskeli. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikauliza kwa adabu zote. Alinitajia majina manne, akasema mengine yamepotea. Ndipo Mihambo, aliyekuwa nje akijipangusa vumbi, alipoingia bila hodi na kukalia kigoda cha mwenyeji.

"Yamepotea wapi? Hayajawahi kuwapo," alisema. "Wazaramo mlikuwa mnafukuzana na kambale wa Ruvu, mpaka babu zangu walipopita na pembe wakawaonyesha nguo."

Wanyamwezi ni watani wetu, wana ruhusa ya kututukana. Hilo nilijua. Sikujua kwamba utani ni chombo cha utafiti.

"Sikieni mpagazi anavyosema," mjomba alijibu, macho yakimng'aa, akaanza kutaja. Majina yangu manne aliyapita kama mtu anayeruka dimbwi. Alipomfikia babu aliyewauzia watu wa Kilwa pembe akalipwa kitambaa cha buluu, alimwuliza Mihambo kama wakati huo wao walikuwa wameshajifunza kutembea. Mihambo alicheka huku anaandika.

Babu yangu huyo nilimsikia kwa mara ya kwanza siku ile, ametolewa ili kumnyamazisha mgeni.

Wakati wa kuondoka nilimvuta mjomba kando, nikamwuliza kwa nini mimi alininyima.

"Wewe ungenibishia, mpwa wangu?"

"Nisingethubutu."

"Basi ningewaamsha wafu kwa ajili gani?"

Mihambo akaenda Kilwa, mimi nikabaki na ndoo. Alirudi na picha: amezama shimoni hadi kifuani, anaonyesha tabaka, ile mikanda ya udongo inayolala zama juu ya zama. Nilimpongeza kwa sauti iliyonichosha. Nikahamishiwa Kibaha, nikarudishwa Kisarawe, nikapandishwa kuwa Mkaguzi. Kila cheo nilichokipata nilikikuta bado kina joto la Mihambo.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama wivu huisha mtu akipata kiinua mgongo. Nawajibu kwamba kiinua mgongo ndicho hutangulia kuisha.

Mihambo alifia Maili Moja, alikojenga. Mtani ana haki zake msibani, na safari hii mtani nilikuwa mimi. Kabla maiti haijateremshwa nilishuka kaburini, nikaketi.

"Shimo la Kilwa alininyang'anya," nikawaambia waombolezaji. "Hili silitoi."

Watu walicheka na machozi yao. Mjane wake akasogea ukingoni.

"Toka humo, Mzaramo. Marehemu alikuwa akisema Kilwa alichimba majumba ya watu, na wewe ulibaki na mjomba wa kumwuliza ya kwenu. Alikuonea wivu mpaka jana."

Nilizitazama kuta kwa mazoea: udongo mwekundu juu, mchanga chini, hakuna kigae. Kisha nikanyoosha mikono wanivute, lakini si kwa haraka. Katika kazi yetu yote, hilo ndilo shimo pekee nililomtangulia.